Ruzuku ya Serikali kwa vituo vya kulelea watoto: kabla hatujaishangilia, sikieni daftari langu la Mwaloni

Mama Kituo (mwanzisha uzi)

Wakuu habari za humu. Wa Kanda ya Ziwa, mwangaluka.

Juzi kwenye kikao cha wazazi mama mmoja alisimama akasema amesikia Serikali itaanza kuwalipia watoto wa vituo binafsi, kwa hiyo ada yangu ya mwezi huu isubiri. Nusu ya kikao wakapiga makofi. Nilikaa nao mpaka saa kumi na mbili jioni nikiwaeleza, na bado kuna walioondoka wakiamini hela imeshakuja nimeikalia mimi.

Basi naanza na la kwetu tusije tukaumizana. Hapa Tanzania mwenye kituo binafsi cha kulelea watoto halipwi na Serikali kwa kichwa cha mtoto. Elimu bila ada iliyoanza Januari 2016 ni ya shule za umma, darasa la awali likiwemo. TASAF, mfuko wa Serikali wa kusaidia kaya maskini, inaipa ruzuku kaya yenyewe, na masharti yake ni ya kliniki na shule. Ile asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, yaani 4 ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu, ni mkopo. Hauna riba lakini unarudishwa. Mimi na kikundi changu tulishaurudisha mmoja, najua unavyouma.

Sasa nina mdogo wangu wa kike yuko Marekani mwaka wa kumi na nne huu. Ana kituo sebuleni kwake, watoto sita, na wanne kati yao wanalipiwa na Serikali. Kila Jumapili tunapigiana simu, yeye analalamikia theluji, mimi nalalamikia maji kukatika, halafu tunaishia kwenye makaratasi yake. Nimemsikiliza miaka, kwa hiyo ninayoandika hapa sikuyaokota.

Mfuko wenyewe kule unaitwa CCDF. Sheria yake ni ya 1990, ikafumuliwa na kushonwa upya 2014. Serikali kuu inatoa fedha, kila jimbo linaweka taratibu zake. Anayeomba ni mzazi. Lazima awe anafanya kazi au anasoma, mtoto awe hajafikisha miaka 13, na kipato cha familia kisizidi asilimia 85 ya kipato cha kati cha jimbo, yaani cha familia iliyo katikati kabisa ukizipanga zote kwa kipato, ingawa majimbo mengi yanakata chini ya hapo. Akikubaliwa anaipeleka hati yake kituo anachokitaka mwenyewe, kiwe jengo la ghorofa au sebule ya mdogo wangu. Akishaingia anakaa angalau miezi 12 kabla ya kuhakikiwa tena.

Mwenye kituo naye ana safari yake. Mafunzo ya huduma ya kwanza, namna ya kumlaza kichanga asizibwe pumzi, ukaguzi wa kushtukiza, na alama za vidole za kila mtu mzima anayelala nyumba ile. Shemeji alichukuliwa vidole vyote kumi kama mwizi wa ng'ombe, anasimulia mpaka leo.

Halafu bei. Kila baada ya miaka mitatu jimbo linapita kuuliza vituo vinatoza kiasi gani, kisha linaamua lenyewe litalipa ngapi kwa mtoto wa umri upi. Mara nyingi haifiki ada halisi. Tuseme mdogo wangu anatoza 100: Serikali inaweka 70 na kitu, mzazi anaongeza mchango wake mdogo, na katikati linabaki shimo. Yapo majimbo yanayoruhusu kumdai mzazi hilo shimo, mengine hayataki hata kusikia.

Lakini kilichonifanya nifungue uzi ni daftari la mahudhurio. Mwaka juzi malipo yake ya wiki mbili yalikuja pungufu. Kufuatilia, kumbe mama mmoja alikuwa anamshusha mtoto mbiombio akiwahi zamu, siku tatu hakusaini. Mtoto alikuwepo. Alikula, alilala, alimtapikia mdogo wangu begani. Haikuhesabiwa.

Nikafungua la kwangu.

Kituo changu kiko mwendo wa dakika kumi kwa mguu kutoka Mwaloni, soko la samaki la Kirumba hapa Mwanza. Wazazi wangu karibu wote wanakula kwa dagaa: waanikaji, wachambuaji, wafungashaji wa magunia, na mama ntilie wanaowalisha hao. Na dagaa huvuliwa gizani kwa taa. Mwezi ukiwa mpevu taa hazimvuti, mitumbwi inalala ufukweni, na pesa inakauka Mwaloni nzima. Mtoto wa mchambuaji siku hizo anabaki nyumbani, kwa sababu mama yupo na shilingi 1,500 ya ada ya kutwa haipo.

Orodhani nina watoto 34. Siku za giza wanakuja 31, 32. Mbalamwezi nilihesabu 19. Hiyo ni tofauti ya 18,000 kwa siku, na kwa siku saba za kazi ni 126,000. Pango langu ni 150,000. Walezi wawili siwezi kuwaambia wale nusu kwa sababu mwezi umetoka, na mmoja wao naye anasomesha.

Fikirieni sasa ruzuku ya kulipa siku alizoonekana mtoto, ije kwa mtu kama mimi. Wiki ambayo wazazi hawana kitu ndiyo wiki ambayo na Serikali nayo inanilipa kidogo.

Kule wenzetu wameliona. 2024 Serikali ya Marekani ilitoa kanuni ikiyataka majimbo yalipe kwa mtoto aliyeandikishwa badala ya siku alizohudhuria, yalipe mwanzoni, na mchango wa mzazi usizidi asilimia 7 ya kipato cha familia. Mdogo wangu alipiga kigelegele kwenye simu mpaka nikaisogeza mbali na sikio. Utekelezaji umekuwa wa kusuasua, jimbo kwa jimbo, na siasa za kule zikigeuka kanuni nazo zinatikisika. Ila swali lenyewe ni zuri na ndilo naliweka mezani: siku ikifika kwetu, mngetaka Serikali ilipe siku au ilipe nafasi?

Ngosha wa Buhongwa

Nimeweka kambi hapa.

Mama Kituo heshima yako, lakini ukisema walipe nafasi umefungua mlango wa vituo hewa. Nchi hii 2016 tulifukuzana na watumishi hewa, watu wasiokuwepo wanalipwa mshahara. Mtoto hewa ni rahisi zaidi, hata hadai posho. Mtu ataandika majina 60 ana mikeka minne.

Binti Ukerewe

Mimi ni mmoja wa hao wa mbalamwezi, na mwanangu yuko kwenye hiyo 34. Sikuwahi kujua kama nikimbakiza nyumbani nakukata pango. Nilidhani nakupunguzia uji.

Nyumbani kwenyewe simfungii ndani. Anashinda kwa bibi yake, na bibi macho hayaoni vizuri, na ziwa liko pale. Nikiwa natafuta vibarua vya kufua napiga simu kila saa.

Kobe wa Igoma

Uzi mrefu kama foleni ya kivuko enzi za Kigongo. Si tulipata daraja? Fupisheni.

Mama Kituo

Kobe, shuka chini taratibu, utafika.

Ngosha, hoja yako sijaipuuza. Hata Marekani kuna vituo vilivyofikishwa mahakamani kwa kudai watoto ambao hawakuwepo, ndiyo maana wanabana saini kiasi kile, na sehemu nyingine mzazi anabonyeza namba yake ya siri kwenye kishikwambi mlangoni asubuhi na jioni. Lakini angalia nani anaumia. Mwizi ana muda wa kukaa usiku kujaza saini za watoto 60, na zitatoka zimenyooka. Anayekosa saini tatu ni yule aliyekuwa na mtoto mgongoni na mwingine kwenye poti.

Kulipa nafasi hakuzuii kukagua. Njoo siku yoyote uhesabu. Ukikuta 19 mbalamwezi na 31 giza, mwezi mpaka mwezi, utajua hawa ni watoto wa kweli, maana mtoto hewa haathiriwi na mbalamwezi.

Ngosha wa Buhongwa

Hiyo ya mwisho nimeikubali. Endelea.

Mstaafu wa Ustawi

Vijana, nimekuwa afisa ustawi wa jamii miaka mingi, kanda hii hii. Naomba nichangie.

Binti Ukerewe

Shikamoo mzee.

Mstaafu wa Ustawi

Marahaba mwanangu. Na huyo bibi umpunguzie mzigo.

Mnajadili kulipa siku au kulipa nafasi kana kwamba vituo vyote vitakuwa kwenye foleni. Popote penye ruzuku, mlango wa kwanza ni usajili. Kwetu Sheria ya Mtoto ya 2009 inataka kituo cha kulelea watoto wadogo mchana kisajiliwe. Unaanzia kwa afisa ustawi wa halmashauri, watu wa afya wanakuja kuona choo, maji, madirisha na mahali pa kupikia, anaangaliwa mlezi ana mafunzo gani, na jalada linapanda kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Tangu Januari 2022 mambo haya yako chini ya Wizara ya Maendeleo ya Jamii, Jinsia, Wanawake na Makundi Maalum.

Upo pia mpango unaoitwa PJT-MMMAM, yaani Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, uliozinduliwa Desemba 2021 kwa kipindi cha 2021/22 mpaka 2025/26. Umegusa afya, lishe, malezi yenye mwitikio (mlezi kuitikia mahitaji ya mtoto), ujifunzaji wa awali na ulinzi wa mtoto. Nimeusoma wote, umeandikwa vizuri. Hela ya kumlipa Mama Kituo kwa kichwa haikuwemo.

Sasa niwape kisa kimoja. Nilipanda Mabatini na mwenzangu wa afya, kule juu kwenye mawe, ambako nyumba ya mtu ni kibaraza cha nyumba ya mwenzake. Tulikuta bibi ana watoto kumi na mmoja kwenye mkeka. Pamesafishwa. Kila mtoto ana kikombe chake kimefungwa uzi wa rangi yake, ili asinywe cha mgonjwa. Mama zao wanashuka alfajiri kuuza samaki wa kukaanga na nyanya. Bibi anatoza kile mtu alichonacho. Siku ile kuna aliyelipa kwa mafungu mawili ya mchicha.

Choo kilikuwa kimoja, cha wapangaji wote, tundu la kumtisha hata mtu mzima. Eneo la kuchezea hakuna, ni jabali. Kwa fomu yangu pale hapasajiliki. Mwenzangu aliniangalia, nikamwangalia. Tulishuka na fomu tupu na bibi akatupa maji ya kunywa.

Siku ruzuku ikija kwa kichwa, itampita yule bibi na kwenda kwa mwenye ukumbi wenye bembea kule ambako wazazi wana magari. Kama mimi ningeulizwa, hela ya kwanza ningeijengea choo cha watoto Mabatini, kulipa kwa kichwa kufuate. Sijaulizwa.

Jirani wa Joburg

Mzee umegusa penyewe. Nimeishi Johannesburg miaka saba, mwanangu wa kwanza kakulia kwenye kituo cha mtaani.

Afrika Kusini wana ruzuku ya vituo, na inahesabiwa kwa mtoto kwa siku. Ilikaa randi 17 tangu 2019, bei ya mkate inapanda yenyewe imekaa tu, mpaka Aprili 2025 ndipo ikapandishwa hadi 24. Wanahesabu siku 264 kwa mwaka. Kupata lazima kituo kisajiliwe na wazazi waonyeshe kipato chao ni cha chini.

Mama aliyekuwa anamlea mwanangu hakuwa anaipata. Alikuwa na watoto wengi kuliko kituo cha jirani kilichokuwa kinalipwa, ila manispaa ilimtaka michoro ya jengo na kibali cha matumizi ya kiwanja, naye amejenga kwa mabati kwenye eneo lisilopimwa. Choo alikuwa nacho kizuri tu. Karatasi ya ardhi ndiyo iliyomshinda. Ile ya ukumbi wenye bembea nimeiona kwa macho yangu.

Tena Aprili 2022 walihamisha vituo vyote kutoka wizara ya maendeleo ya jamii kwenda ya elimu. Sisi wazazi tulichoona ni foleni imehamia jengo lingine.

Mlezi wa Leeds

Niko Uingereza, nafanya kazi kituoni, siyo mmiliki. Haraka haraka niwape ya huku.

Mzazi anayefanya kazi anapata saa 30 kwa wiki kwa wiki 38 za mwaka, na tangu Septemba 2025 zinaanzia mtoto akiwa na miezi tisa. Wanaziita za bure. Bosi wetu akisikia neno "bure" anavuta kiti anakaa, kwa sababu kiwango kinachotoka halmashauri kinaweza kuwa chini ya gharama ya saa moja ya mlezi, na haruhusiwi kumtoza mzazi tofauti. Anaruhusiwa kuomba hela ya chakula na pampasi, ila hawezi kumlazimisha. Basi kila mwezi bili inakuja na mistari ya matunda na mafuta ya jua, wazazi wanauliza bure gani hii.

Na kuna namba ya mzazi ya kuonyesha anastahili hizo saa, ambayo lazima aihuishe kila miezi mitatu. Akisahau, tunaanza kupigiana simu kama tunadai kodi.

Kobe wa Igoma

Nimefika. Hata mimi sasa nina swali. Mama Kituo, hilo daftari lako lina nini ndani? Mke wangu anataka kuanzisha kakituo nyumbani, watoto watano sita.

Mama Kituo

Karibu Kobe, nilijua utafika.

Nina kaunta buku la kwaya tatu. Upande wa kushoto jina la mtoto, la mzazi, simu mbili, na nani anaruhusiwa kumchukua. Hilo la mwisho usilichezee. Alishakuja baba mmoja ambaye mama hakutaka amguse mtoto, na kilichoniokoa mlangoni ni mstari wenye dole gumba la mama yake. Upande wa kulia saa ya kuingia, saa ya kutoka, saini ya mzazi. Asiyeandika anaweka dole, kidau cha wino kiko dirishani juu watoto wasikifikie. Walikifikia mara moja. Ukuta bado una vidole.

Safu nyembamba kabisa ni ya chakula. Asubuhi uji wa lishe, mchana wali au ugali na nini. Hii nimeiga kwa mdogo wangu. Kule wana mpango mwingine kabisa wa Serikali, CACFP, unaorudisha gharama za milo ya watoto vituoni, ila uandike kila siku kila mlo na nani alikula. Anasema hela ya milo humfikia ikiwa na matatizo kidogo kuliko ile ya ulezi. Mimi hakuna anayenirudishia, lakini tangu nianze kuandika nimejua kumbe Alhamisi walikuwa wanakula maharage kavu wiki nne mfululizo. Mpishi alikuwa anaficha dagaa. Mwaloni, jamani! Mtu anaficha dagaa Mwaloni!

Mwambie mkeo pia aende ustawi mapema, kabla hajapata hata mtoto wa kwanza. Nilienda nikiwa na watoto 20 tayari, nikaambiwa mlango wa choo unafungukia ndani ubadilishwe. Fundi alibomoa huku watoto wanamwimbia.

Ngosha wa Buhongwa

Mama Kituo bado hujajibu la shule. Darasa la awali la Serikali lipo, bure, kwa nini mzazi wa Mwaloni alipe 1,500?

Mama Kituo

Kwa sababu awali wanatoka mapema na dagaa hawaanuliwi mapema. Mama akimfuata mtoto shuleni saa za mchana, magunia yake anafunga nani? Halafu awali ni ya mtoto wa miaka mitano hivi. Wa miwili na nusu utampeleka darasa gani? Wapo kwangu wanaosoma awali asubuhi kisha kaka zao wanawaleta mchana. Hao wanalipa nusu.

Mstaafu wa Ustawi

Hapo kwenye nusu, wewe ndiye unayetoa ruzuku. Hujajiandika tu.

Mama Kituo

Mzee wangu, nimecheka halafu nimekaa kimya.

Nimerudi kuhesabu. Watoto sita wa nusu, 750 kila mmoja, ni 4,500 kwa siku. Watatu silipwi kabisa, mama mmoja ni mgonjwa na wengine wawili nawajua mimi, hiyo ni 4,500 nyingine. 9,000 kwa siku ya kazi. Sijawahi kuiandika popote. Naongeza safu.

Binti Ukerewe

Mama Kituo, mwezi unaanza kufa, mitumbwi ishaanza kuandaliwa. Wangu yule wa kaptula nyekundu namleta Jumatatu. Nilikuwa naogopa umeshampa mwingine nafasi.

Mama Kituo

Jina lake halijawahi kutoka orodhani. Njoo naye, ukumbuke poti yake.